Alhamdulillahi, ila Miguu

Sifa zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyemuumbia mwanadamu miguu miwili na kuipa kazi ya kubeba mzigo ambao haikuuchagua. Aliyenitoa Tanga nikiwa mzima, akanifikisha Guangzhou nikiwa mzima kiasi, kisha akanirudisha kwenye baraza yangu nikiwa na la kusimulia. Rehema na amani zimfikie Mtume wake na waliomfuata.

Ama baada ya hayo, ndugu zangu wa barazani, mmeniuliza mara nyingi yaliyonifika Uchina, na kila nikianza kueleza hutokea mmoja wenu akanikatiza kuuliza kama nilikula nyoka. Sikula nyoka. Nimeona niandike, kwa sababu karatasi haikatizwi.

Mnamjua mjukuu wangu Rukia, mtoto wa binti yangu Mwanaidi. Wakati ule alikuwa mwaka wa nne akisomea ufamasia Guangzhou. Mwaka huo walimu wao walianzisha somo la namna ya kumhudumia mgonjwa asiye wa kabila lako wala mila yako, mwenye dawa za kwao alizorithi kwa wazee wake. Mtihani ulikuwa hivi: wanafunzi watatu wanakaa na mzee mmoja vikao vitatu, wajue kila kinachomuuma na kila kinachoingia kinywani mwake. Siku ya mwisho daktari anampima mzee huyo peke yake na kuyafungia majibu katika bahasha. Ikifunguliwa, na ndani mna jambo ambalo wanafunzi hawakulipata, wote watatu wanarudia mwaka. Wenzake wangeweza kurudia. Ufadhili wa Rukia haukuwa na mwaka wa kurudia; angefeli, angepanda ndege kurudi Tanga bila cheti.

Vikundi vingine vilichukua wazee wa makabila ya milimani huko huko kwao. Kikundi cha Rukia kilikosa mzee, mwalimu akamwambia alete wa kwao. Nami, mbali na kufundisha madrasa, nimeshughulika na majani na mizizi kwa miaka arobaini. Zaidi ya hayo, nilikuwa na nafasi.

Habari za tiketi na mihuri naziacha. Hazina utamu.

Tanga hadi Addis

Nilisafiri na Shaibu, mtoto wa dada yangu, ambaye mnamjua kwa suruali zake za jinzi za Kariakoo na kwa sauti yake. Alikuwa na ofisi ndogo huko Guangzhou na alikwenda na kurudi kama anayekwenda sokoni.

"Mjomba," aliniambia tukiwa Dar es Salaam, "kule usihangaike na lugha. Mimi nitakusemea kila kitu."

Hiyo ilikuwa ahadi, na aliitimiza.

Addis ndege yetu iliharibika, tukalazwa hotelini siku nzima na nusu. Palikuwa na baridi ambayo sikuitarajia Afrika. Tulipoketi kula waliniletea sinia kubwa iliyofunikwa kitambaa laini cha rangi ya majivu, chenye vitundu vitundu. Nikakikunja kile kitambaa kwa adabu na kukiweka pembeni nipate kukiona chakula. Chini yake palikuwa na sinia tupu. Mama aliyetuhudumia alinitazama, akachukua kipande cha kitambaa kile, akakila mbele yangu, kisha akanipa na mimi. Kilikuwa kichachu kidogo. Mchuzi ulikuja baadaye.

Nilitoka Addis na kikohozi. Sikuwa na wasiwasi, kwa sababu mkobani nilikuwa na pakiti ya ile mizizi mitamu ya manjano, ambayo nimewapa wengi wenu kwa kifua.

Addis hadi Guangzhou

Tulitua Bangkok, tukakaa, tukapaa tena. Nilikohoa njia nzima, na abiria wa kiti cha mbele aligeuka mara nyingi hata nikaujua uso wake wote.

Guangzhou ofisa wa forodha alifungua mkoba wangu, akaitoa ile pakiti na kuniuliza neno. Shaibu akaruka mbele: "Cha! Cha!"

Ofisa akanusa. Akacheka, akasema, "Gancao," jina la mizizi hiyo kwao, akanirudishia mizizi yangu kama mtu aliyekutana na jamaa yake ugenini.

Tulipokuwa nje nilimuuliza Shaibu, "Umemwambia nini?"

"Nimemwambia ni chai."

"Lakini si chai."

"Ukiinywa kama chai, mjomba, ni chai."

Jambo hilo lilinikera. Nilikuwa nimeingia katika nchi ya watu kwa neno lisilo la kweli, na neno likishatoka halirudi mdomoni. Nikaona njia iliyobaki ni kulifanya kuwa kweli. Tangu siku hiyo niliichemsha mizizi ile nikainywa kama chai. Na chai mimi hunywa asubuhi, saa nne, baada ya adhuhuri, baada ya alasiri na baada ya magharibi. Kikohozi kilipona siku ya tatu. Chai haikukoma, maana mtu haachi chai kwa sababu kifua kimepona. Pakiti ilipokwisha niliikuta mizizi hiyo hiyo ikiuzwa kwa magunia katika maduka ya dawa za Kichina, nikamshukuru Mungu kwa ukarimu wa nchi ile.

Xiaobei

Shaibu alikuwa amepanga chumba mtaa wa Xiaobei, ghorofa ya nne, bila lifti, karibu na Tianxiu yenye ofisi yake. Jengo hilo la Tianxiu ukiingia unasikia Kiswahili cha Unguja mlangoni, Kifaransa cha Kongo kwenye lifti, na ghorofani Mkenya anagombana na wakala wa mizigo kwa lugha ambayo Mkenya mwenzake ndiye pekee anayeielewa. Kila mwenye duka ni laoban, yaani bosi, na kila ukiomba kitu ambacho laoban hataki kukitafuta anakwambia meiyou.

"Meiyou ni nini?" nilimuuliza Shaibu.

"Hakuna. Ukijua hilo, mjomba, umejua nusu ya Kichina."

Mlinzi wa jengo letu alikuwa mzee wa rika langu. Kila asubuhi nikishuka aliniuliza swali moja, lile lile. Siku ya kwanza Shaibu alikuwapo, akanitafsiria kwamba anauliza kama nimekula. Nilikuwa bado, nikamjulisha bado. Akaingia chumbani kwake akatoka na yai la kuchemsha. Siku ya pili hivyo hivyo. Siku ya tatu akanipa yai lililokwisha kumenywa, na nadhani lilikuwa lake. Siku ya nne nilimwona kwa mbali akiingia chumbani na kufunga mlango.

Jioni Shaibu alirudi akicheka mpaka akakaa chini. "Mjomba, unamwonea mzee wa watu! Amenisimamisha mlangoni anauliza kwetu hakuna chakula? Ile ni salamu tu. Ni hujambo yao. Unatakiwa useme nimekula."

"Hata kama sijala?"

"Hata kama una njaa ya siku tatu."

"Sasa anauliza kwa nini?"

"Na wewe ukimuuliza mtu hujambo, huwa unataka akueleze?"

Siku ya tano nilikula kwanza ndipo nikashuka, na mzee yule alipouliza nikasema nimekula. Uso wake ukakunjuka, akanifungulia mlango kwa mikono miwili.

Xiaobei hadi chuoni, mara ya kwanza

Chuo chao ni kikubwa kama mji. Tulikaribishwa katika chumba chenye meza ndefu na chupa ya maji ya moto. Pembeni alikaa Profesa, mama mwenye nywele fupi, mikono ameikunja. Mezani walikuwa wanafunzi wawili wa kikundi cha Rukia. Mmoja kijana anaitwa Zhou, mwenye kalamu tatu mfukoni na karatasi yenye mistari mingi. Wa pili msichana anaitwa Mei, mtoto wa Wayao, si hawa wa kwetu, bali watu wa milimani huko huko Uchina, kaskazini mwa jimbo lile. Huyu hakuwa na karatasi.

Rukia aliwekwa kiti cha ukutani. Kwa kuwa mimi ni babu yake, alikatazwa kuuliza, kutafsiri na kuzungumza nami habari ya afya yangu hadi mtihani upite. Aliruhusiwa kuwafundisha wenzake salamu, na kuwapa maana ya neno moja moja kama kamusi, Profesa akikubali. Nami niliahidi kujibu nitakaloulizwa humo chumbani, na nje nisiseme. Mkalimani aliyepangwa alikuwa amehama mji. Akawa Shaibu.

"Shikamoo, mume wangu," alisema Rukia, kama alivyozoea tangu mdogo.

"Marahaba, mke wangu. Mbona umekonda, hawakupi chakula hawa?"

Zhou alimuuliza Shaibu nimesema nini. Shaibu hupenda usahihi pale ambapo hauhitajiki, akamtafsiria neno kwa neno, na Zhou akaandika.

Kisha maswali yakaanza.

"Mjomba, wanauliza unaumwa popote?"

"Alhamdulillahi," nikasema.

"Hen hao," akasema Shaibu. Nzuri sana. Zhou akaandika.

"Kichwa?"

"Alhamdulillahi."

"Hen hao."

"Moyo? Miguu?"

Ukweli wa siku ile ni kwamba kichwa kilikuwa kikinigonga tangu alfajiri, na miguu ilikuwa imeumuka kama unga uliotiwa hamira. Lakini kwa miaka arobaini nimewafundisha watoto wenu kwamba mja akiulizwa hali yake huanza kwa kumshukuru Aliyempa hiyo hali. Akishashukuru ndipo huteremsha sauti, akasema lililopo. Basi nilishukuru, nikavuta pumzi niteremshe sauti, na kila nilipomaliza kuvuta pumzi kalamu ya Zhou ilikuwa imeshafika mstari wa chini.

Mahali fulani Shaibu mwenyewe alikwama. Kichina chake ni cha kununulia suruali.

"Anauliza mzigo wako umetoka lini."

"Mzigo gani?"

"Sijui. Labda kikohozi."

Mwisho wakauliza dawa. Nikasema natumia kidonge kimoja cha presha kila asubuhi, nilichopewa hospitali nyumbani. Za kwetu je? Nikasema huku sina. Sikukusudia kuficha. Tangu uwanja wa ndege ile ilikuwa chai.

Tulipoinuka nilimwonyesha Rukia ile karatasi, nikamuuliza alama hii inayojirudia mara kumi na moja inasemaje.

"Meiyou," alisema. Kisha akafunga mdomo, na macho yakamjaa.

Kwa hiyo karatasi ya kwanza inaonyesha kwamba nina mke wa miaka ishirini na tatu na sina ugonjwa wowote. Watu wengi wangeridhika.

Mlangoni Rukia alitazama chini. "Babu, kamba za viatu mbona umezifungua?"

"Guangzhou kuna joto," nikasema, na hilo ni kweli.

"Babu!"

"Umekatazwa kuuliza, nami nimeahidi kutojibu. Nenda darasani, mke wangu."

Kwenda Xintang na kurudi

Wiki hiyo Shaibu alinichukua kwenda Xintang kukagua jinzi zake. Huko kila nyumba inashona suruali, na maji ya mtaroni ni ya buluu kama ya kufulia kanzu. Laoban wa karakana alitukaribisha chakula. Nilipoambiwa kipi ni kipi mezani, nilikula wali, karanga na tango. Mama yake laoban, bibi mzee aliyekuwa akikata nyuzi, alisikitika, akaja kukaa karibu yangu kunitazama nikila karanga moja moja.

Halafu aliinama akaiona miguu yangu. Bila kuomba ruhusa akabonyeza juu ya kifundo kwa kidole gumba. Kikabaki kishimo. Akasema maneno mengi kwa lugha ya kwao, huku akimnyooshea Shaibu kidole.

"Anasemaje?"

"Sijamfahamu vizuri," alisema Shaibu. "Nadhani anasema una miguu mizuri."

Kurudi tulikaa njiani saa tatu, magari yamefungana. Tulipofika Xiaobei ngazi zilinishinda. Si pumzi, magoti yenyewe yalikataa, kama ya mtu mwingine. Nikakaa kwenye ngazi ya pili.

Shaibu alishtuka. "Mjomba! Hujambo?"

"Alhamdulillahi."

"Haya, inuka basi twende."

Nikainuka, tukaenda taratibu. Mwenyewe nilidhani ni uzee na joto la mji ule. Ijumaa iliyofuata niliswali juu ya kiti. Muda wote huo nilikuwa nikijiliwaza kwa chai.

Xiaobei hadi chuoni, mara ya pili

Siku ya kikao cha pili Shaibu aliitwa bandarini Nansha, kontena lake limezuiwa. Nilipelekwa na teksi, nikiwa na anwani iliyoandikwa kwenye karatasi kama barua. Zhou alipoona hakuna mkalimani alitaka kuahirisha. Mei akakataa. Alikuwa amekuja na bakuli mbili za tambi kutoka kwenye mgahawa wa Waislamu wa Kichina pale Xiaobei, na sikujua nani alimwambia kwamba nyama ya migahawa mingine sili.

Alinimiminia maji ya moto kwa mikono miwili. Akasema polepole, kama anayekanyaga mawe mtoni, "Shi-ka-moo, babu."

"Marahaba, mwanangu."

"Hu-jambo?"

"Sijambo, alhamdulillahi."

Zhou alishusha kalamu. Mei akaweka kiganja chake juu ya karatasi, kalamu ikatua kwenye vidole vyake. Zhou alimtazama, na Mei hakumtazama. Alinisogezea bakuli. Tukala. Aliniongezea maji. Hakuuliza kitu. Chumba kilinyamaza kadiri ya rakaa mbili zisizo na haraka, na mimi nikavuta pumzi, na kwa mara ya kwanza katika mji ule nikakuta nafasi imenisubiri.

"Ila," nikasema, "miguu."

Mei akainua kichwa. "Ila?"

"Ila," nikamwitikia.

Aligeuka kwa Rukia ukutani. "Ila?" Rukia alimtazama Profesa. Profesa akatikisa kichwa mara moja kukubali. Rukia akatamka neno moja tu la Kichina, kisha akajiziba mdomo kwa mtandio.

Mei alipiga magoti akanivua viatu. Niliona haya, kwa sababu soksi moja ilikuwa na tundu. Akabonyeza palepale alipobonyeza bibi wa Xintang. Zhou alikuja kukitazama kile kishimo, akakaa akikisubiri kijae. Hakikujaa upesi. Alirudi mezani akaitazama karatasi yake yenye meiyou kumi na moja kwa muda mrefu kuliko alivyotumia kuiandika.

Sasa walijua miguu. Hawakujua sababu, wala kichwa, wala moyo, na kilibaki kikao kimoja, nacho ndicho mtihani.

Xiaobei hadi chuoni, mara ya tatu

Siku hiyo daktari alinipima mapema, akanitoa damu, akanifunga mkono kwa kile kipimo cha presha mara tatu kana kwamba hakukiamini. Akaandika, akafunga bahasha, akampa Profesa. Kwa uso wake usingejua kitu.

Rukia alimkamata Shaibu mlangoni. "Anko, leo usitafsiri maana. Tafsiri maneno."

"Nimekosa nini mimi?"

"Maneno, anko."

Mei ndiye aliyeuliza. Aliuliza habari ya kichwa, nikasema alhamdulillahi, na Shaibu safari hii akaliacha neno kama lilivyo: alhamdulillahi. Zhou aliweka kalamu chini kabisa. Wakanyamaza wote watatu, wakinitazama kama watu wanaosubiri chungu kichemke.

"Ila kichwa kinanigonga tangu nije."

Zhou akaokota kalamu.

"Alhamdulillahi, ila moyo unapiga kwa kishindo nikipanda ngazi. Alhamdulillahi, ila magoti yananikatalia."

Aligeuza ukurasa. Lakini walipofika kwenye dawa tulisimama palepale. Kidonge kimoja. Za kwetu? Sina. Mei alirudia kwa njia nyingine, Zhou kwa njia ya tatu. Profesa alitazama saa ya ukutani. Rukia alikuwa amefumba macho, na midomo yake ikicheza. Nilijua anasoma dua niliyomfundisha akiwa na miaka sita. Niliona uchungu, maana nilikuwa nikijibu kweli tupu na kweli hiyo ilikuwa inamfelisha mjukuu wangu, na sikujua ni wapi imepinda.

Koo lilinikauka. Nikatoa chupa yangu mkobani, nikamimina.

Mei aliacha kuuliza. Alinusa. Akasogea, akanusa tena.

"Wanauliza hicho ni nini," alisema Shaibu.

"Chai."

Shaibu alijikohoza. Alitazama dari, kisha sakafu. "Mjomba," alisema, "waeleze ile habari ya forodha."

Nikaeleza yote, tangu baridi ya Addis hadi ile nia yangu ya kutolifanya neno la Shaibu kuwa uongo. Shaibu alitafsiri maneno, na alipofika kwenye jina lake aliteremsha sauti.

"Gancao," alisema Mei.

"Vikombe vingapi kwa siku?" aliuliza Zhou.

"Vitano."

"Siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

Zhou alijifunika uso kwa mikono. Kisha akaichukua chupa yangu kwa adabu, akaenda kuiweka mwisho wa ile meza ndefu, mbali nami kadiri meza ilivyoruhusu. Walinieleza kwamba mzizi ule unazuia maji na chumvi mwilini, unapandisha presha, na unaiondolea damu madini ambayo magoti huyahitaji. Kila asubuhi nilikuwa nameza kidonge kimoja cha kuishusha presha na vikombe vitano vya kuipandisha.

Profesa alifungua bahasha, akasoma kwa sauti. Presha juu sana. Miguu imevimba. Madini ya damu yamepungua. Sababu: haijulikani.

Alisoma mstari huo wa mwisho mara mbili. Akanyoosha mkono kwa Zhou, akachukua moja ya kalamu zake, na akaijaza sababu mwenyewe kwenye karatasi ya daktari.

Kisha akamuuliza Zhou kwa nini karatasi ya kikao cha kwanza ilisema hakuna, hakuna, hakuna. Zhou alisimama.

"Mzee alikuwa hajamaliza kujibu," alisema. "Mimi ndiye niliyemaliza." Akaongeza kwamba baba yake yuko shamba, na kila akimpigia simu kumuuliza hali, baba husema amekula, naye hukata simu akiwa ameridhika. Alisema jioni ile angempigia tena.

Walifaulu wote watatu. Profesa alipotamka, Rukia aliruka kutoka ukutani akanipiga begani kwa ngumi mbili. "Mume wangu! Ungekufa na alhamdulillahi yako!"

Nilimwambia yako maneno mabaya zaidi ya kufa nayo. Akalia, akacheka, na Zhou akamwomba asahihishe ule mstari wa mke.

Hospitali, na kurudi

Nililazwa siku nne, nikapewa ndizi nyingi kuliko nilizowahi kula kwa mpigo, zirudishe yale madini ya damu. Mei alikuja akanisimulia, Rukia akitafsiri, kwamba bibi yake ni mganga wa majani milimani, na mgeni akiingia kwake na kumuuliza ugonjwa kabla ya kula naye, bibi humjibu kwamba mvua inakaribia. Wafamasia wa mjini wameandika mambo mengi ya mvua kutoka kwa bibi huyo. Nilimpelekea bibi salamu, na kanga niliyokuwa nimemchukulia mtu mwingine.

Yule mzee mlinzi naye alikuja. Alisimama mlangoni akaniuliza lile swali lake. Chakula cha hospitali sikuwa nimekigusa, kwa shaka ya nyama yake, basi nikamjibu kweli kwamba bado. Alicheka mpaka akashika ukuta. Mfukoni alikuwa na mayai mawili.

Safari ya kurudi haikuwa na jambo. Addis nilikila kile kitambaa chote, nikaomba kingine.

Wiki niliyofika Tanga nilikwenda zahanati kupima presha. Yule kijana daktari ni mwanafunzi wangu wa zamani wa madrasa. "Shikamoo, maalim. Hujambo?"

"Alhamdulillahi," nikasema, nikavuta pumzi. Alikuwa ameshainamia daftari.

Nikaushika mkono wake wenye kalamu.

"Sijamaliza, mwanangu," nikamwambia.

Akaweka kalamu chini, akavuta kiti, akanisubiri.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe afya utakayomshukuru bila kuongeza neno. Na siku utakapokuwa na neno la kuongeza, akukutanishe na mtu atakayenyamaza mpaka ulimalize. Amin.